Mfinyanzi unashika maji, kichanga kinapitisha. Mbona mahindi yangu ya bondeni ndo yamenyauka kwanza?

#1 Mkulima_Bwembwera
Wakuu salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu vuli, wenye uzoefu naomba mnisaidie. Nina eka mbili huku Muheza upande wa Bwembwera, ziko bondeni, udongo mweusi mfinyanzi, ule ukilowa unaganda kwenye buti mpaka unashindwa kunyanyua mguu na ukikauka unapasuka nyufa mkono unaingia. Jirani yangu yuko juu kidogo, hatupishani hata hatua mia mbili, yeye kwake kichanga, ukishika kinamwagika kwenye vidole. Tulipanda wiki moja na mvua ni ile ile. Mwanzo ilipiga moja kubwa, baada ya hapo zikaja zile za kuchokozachokoza, leo kidogo, siku kadhaa kimya, tena kidogo, afu zikakata mahindi yako kiunoni. Shule tulifundishwa mfinyanzi unashika maji na kichanga kinapitisha kwa hiyo nilijua jirani ndo ataumia. Wapi! Yangu ndo yalianza kujikunja, saa nne asubuhi majani yashasokotwa, ya jirani yako kijani. Yeye kavuna magunia mi nimepata mabua ya kulishia ng'ombe. Na ajabu ni kwamba ukichimba kwangu unyevu unauona kwa macho! Hii imekaaje?

#2 Chuda_Boy
Bwembwera hiyo ndugu yangu, kamuulize kwanza jirani shamba lake kalizindika kwa nani 😂😂

#3 BwanaShambaMstaafu
Chuda_Boy mwache mwenzio ana hasara.

Mkulima, swali lako zuri na wala hali yako si ngeni. Mfinyanzi unashika maji kweli, ila kushika ni jambo moja na kutoa ni jambo lingine. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya 0.002 mm, ya mchanga inaanzia 0.05 mpaka 2 mm. Udogo ule unafanya vijitundu vya katikati viwe vyembamba sana na maji yakishaingia humo yanang'ang'ania. Mfinyanzi ni tajiri bahili, pesa anazo ila hatoi, kichanga ni maskini mkarimu, ana kidogo lakini chote anakugawia. Tukipima kwa ujazo, kichanga kikishashiba na ya ziada yakachuruzika kinabakiwa na maji asilimia 10 hivi, na mmea unanyauka yakishuka kwenye 4 hivi. Mfinyanzi mzito unashiba kwenye 40 hivi lakini mmea unanyauka yangali 25 na ushee. Yaani mahindi yako yalikufa kiu kwenye udongo wenye maji mara sita ya ule ambao jirani yako angenyaukia. Ndo maana ukichimba unauona unyevu. Unaouona wewe, mzizi hauwezi kuuvuta.

#4 Mgosi_Soni
Shikamoo mzee. Nimeipenda ya tajiri bahili ila hesabu yako yenyewe inakupinga. 10 toa 4 ni 6. 40 toa 25 ni 15. Kwa hiyo huyo bahili na ubahili wake wote bado anatoa mara mbili na nusu ya yule mkarimu. Chukua mizizi iliyoshuka nusu mita, kichanga kinaipa mm 30 za maji, mfinyanzi unaipa mm 75. Mahindi yakifika kwenye mbelewele kwa joto letu yanakunywa mm 5 mpaka 7 kwa siku, kichanga kingeisha ndani ya wiki. Kwa hiyo ubahili peke yake haujibu swali la jamaa, kuna kitu kingine hapo.

#5 BwanaShambaMstaafu
Marahaba Mgosi. Hesabu iko sawa, ila umechukulia udongo wote ulishiba mpaka nusu mita. Nani kakwambia ulishiba? Mwenye uzi kasema mvua za kuchokozachokoza.

#6 MwalimuJiografia
Hapo mzee kagusa penyewe, ngoja niimalizie. Mvua ya mm 10 ikianguka kwenye kichanga kikavu, kila sentimita 10 za udongo zinahitaji mm 6 tu ili zishibe, kwa hiyo inashuka mpaka kama sentimita 16 au 17. Ile ile mm 10 ikianguka kwenye mfinyanzi uliokauka hata kama haujapita kile kiwango cha kunyauka, kila sentimita 10 zinadai mm 15, kwa hiyo inaishia sentimita 6 au 7. Jua la Muheza likitoka linakula unyevu wa juu kwanza, zile sentimita chache za juu ndo zinapoteza haraka. Sasa mfinyanzi karibu maji yake yote yako hapo juu yanaliwa na jua, kichanga maji yameshajificha chini na juu pakikauka pale mchanga unakata njia, maji ya chini hayapandi tena kirahisi. Kwa hiyo kwenye msimu wa mvua kubwa mfinyanzi unashinda na kwenye msimu wa mvua ndogondogo kichanga kinashinda. Ndo maana hata kwenye maeneo makame kabisa duniani mara nyingi utakuta mimea imeshamiri zaidi kwenye mchanga kuliko kwenye mfinyanzi. Mkulima, masika ukilinganisha na jirani hali huwaje?

#7 Mkulima_Bwembwera
Mwalimu asante. Masika ya mwaka juzi nilimpita jirani mbali sana, yake yalikuwa ya njano.

#8 MwalimuJiografia
Basi ndo hivyo.

#9 MamaMichungwa
Habari za humu. Mwalimu usifunge kesi mapema baba. Ya njano masika inaweza kuwa mbolea tu imesombwa na maji kwenye kichanga, naitrojeni inashuka na maji haraka sana kwenye mchanga, wala si habari ya unyevu.

Mi nina michungwa huku njia ya Mkuzi, mingine iko mteremkoni mingine bondeni. Ile ya bondeni kila kiangazi ndo ya kwanza kupukutisha majani na matunda yanakuwa madogo, wakati bondeni ndo kunaonekana kuna maji. Aliyekuja kuniangalizia alichimbua mizizi tukaona imeoza ncha, imebaki ile ya juu juu tu. Sababu masika maji yanasimama, mzizi unakosa hewa chini, unakufa, mti unabaki na mizizi ya juu. Mvua ikikata kule juu panakauka kwanza na mti hauna mzizi wa kufuata maji chini. Sasa mwanangu Mkulima umesema mwanzo ilipiga mvua moja kubwa, je maji yalisimama?

#10 Mkulima_Bwembwera
Yalisimama mama, miche ilikuwa midogo ina majani manne hivi, yalikaa siku kadhaa na miche ikawa na rangi ya zambarau. Baadae ikajirudi nikajua imepona.

#11 MamaMichungwa
Haikupona. Juu ndo ilipona.

#12 Mgosi_Soni
Mama umenifungua. Hebu tuirudie ile hesabu yangu ya #4. Mizizi ya Mkulima kama iliishia sentimita 20, mfinyanzi wake unaipa mm 30 tu. Mizizi ya jirani kwenye kichanga laini kama ilishuka mpaka mita nzima, anapata mm 60. Yaani udongo wenye maji mengi umetoa nusu ya ule wenye machache, na huku hatujagusa habari ya jua wala ya mvua ndogo. Mi nasema kina cha mizizi ndo kila kitu.

#13 FundiVisima
Nyie mnapiga hesabu kwenye simu, nendeni mkachimbe. Mi kazi yangu kuchimba visima ukanda huu wote, kuanzia Mkinga, Muheza mpaka Pangani, na nawaambia kichanga cha juu mara nyingi sio kichanga mpaka chini. Unakuta mchanga mpaka kwenye goti au kiuno, chini yake kuna tabaka la udongo mzito wa njano au mwekundu, maji ya mvua yanapita kwenye mchanga haraka yakifika pale yanagota, yanakaa. Shamba la aina hiyo ni zuri kuliko mfinyanzi mtupu na kuliko mchanga mtupu, juu hapakauki kwa nyufa na chini kuna akiba. Ninyi mnalinganisha udongo wa mkononi wakati mahindi yanakunywa kwenye udongo ambao hamjauona. Mkulima chukua jembe na sururu, chimba kwako na kwa jirani kimo cha kiuno, uje hapa na picha.

#14 Chuda_Boy
Fundi anatafuta tenda ya kisima hapa hapa 😂

#15 FundiVisima
Si kisima, shimo tu. Ila kisima ukitaka nipo.

#16 Data_na_Shamba
Wakuu kwa nini mtu achimbe mashimo wakati siku hizi unyevu wa udongo unapimwa na satelaiti? Kuna ya NASA inaitwa SMAP, ilirushwa 2015, data zake bure kabisa mtandaoni, unaingia unaangalia Muheza vuli ilikuwaje unamaliza ubishi.

#17 MwalimuJiografia
Mkuu ile SMAP inapima zile sentimita 5 za juu tu, na kipimo chake kimoja kinabeba eneo lenye upana wa kilomita 36 hivi, karibu umbali wa kutoka Muheza mpaka Tanga mjini. Kwa utabiri wa mvua na ukame wa mkoa mzima inafaa sana. Kwa mashamba mawili yaliyopishana hatua mia mbili haiwezi kukwambia kitu, Mkulima na jirani yake na mkonge na michungwa yote iko kwenye kidoti kimoja.

#18 Data_na_Shamba
Sawa, eneo nimekuelewa. Ila vipo vya kuchomeka ardhini. Kule Iringa kwenye skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi wakulima walipewa kifaa kinaitwa Chameleon, vihisi vyake vinafukiwa kwenye vina tofauti, unasoma rangi, bluu maana yake pamelowa, kijani pa wastani, nyekundu pamekauka. Uzuri wake hakihesabu maji yaliyopo, kinapima mzizi unatumia nguvu kiasi gani kuyavuta. Yaani kingemjibu kabisa huyu tajiri bahili wa mzee. Wale wakulima walikuja kugundua wanamwagilia kupita kiasi wakapunguza.

#19 BwanaShambaMstaafu
Hiyo ndiyo namna sahihi ya kupima. Nimefurahi umeileta.

#20 Kibarua_wa_Mkonge
Ninyi wote mmesahau trekta. Mkulima shamba lako unalimisha na nini?

#21 Mkulima_Bwembwera
Trekta kila msimu, mfinyanzi ule kwa jembe la mkono huwezi. Jirani analima kwa mkono.

#22 Kibarua_wa_Mkonge
Basi jibu unalo. Nimefanya kazi mashamba ya mkonge miaka mingi, nimeona jembe la sahani linavyofanya. Linakata kina kile kile kila mwaka, chini yake linagandamiza, na kama mfinyanzi ulikuwa mbichi wakati wa kulima ndo inakuwa mbaya zaidi, panatokea tabaka gumu kimo cha shubiri moja hivi. Maji hayashuki, ndo maana yalisimama ile mvua ya mwanzo, na mzizi haushuki, unafika pale unageuka unatambaa. Chukua nondo yenye ncha, ichome ardhini siku udongo una unyevu, ikiingia kirahisi afu ghafla ikagoma ujue umelifikia. Mama kasema mizizi ilioza kwa maji kusimama, Mgosi kasema kina cha mizizi, wote mmeona matokeo, chanzo ni trekta.

#23 MamaMichungwa
Kwenye michungwa yangu halijawahi kuingia trekta baba na mizizi imeoza vilevile.

#24 Kiwangwa_Nanasi
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Huku Kiwangwa tunalima mananasi kwenye udongo mwekundu wa kichangakichanga na kiangazi chote hata majani hayajikunji, majirani wa mahindi wanalia. Kwa nini msibadilishe zao badala ya kugombana na udongo?

#25 Chuda_Boy
Hata mkonge mbona haujali kiangazi, na umepandwa huko kote Muheza, Korogwe mpaka Pangani.

#26 Kibarua_wa_Mkonge
Mkonge na nanasi ni mimea ya namna moja kwa habari ya maji. Inafungua vinyweleo vya majani usiku kuvuta hewa, mchana inafunga, kwa hiyo jua halipati nafasi ya kuyanyonya maji. Mahindi yanafungua mchana. Na mkonge wenyewe ni mgeni hapa, uliletwa 1893 na Mjerumani, Hindorf, mimea yenyewe asili yake Mexico, ilifika Tanga ikiwa hai 62 tu ikaenda kupandwa Pangani. Mashamba yote ya mkonge mnayoyaona yakaanzia hapo. Ila hauli ugali wa mkonge.

#27 MwalimuJiografia
Ila mkonge nao una sharti moja, unachukia maji kusimama. Kwenye bonde la Mkulima usingefanya vizuri. Turudi kwenye uzi.

#28 Mgosi_Soni
Kiwangwa umetaja udongo mwekundu, umenikumbusha jambo. Hata rangi na ule utepe wa kufinyanga udongo mbichi kwa vidole ili ujue aina yake vinadanganya. Kuna udongo mwekundu, ule wa zamani sana uliooshwa na mvua miaka na miaka, ukiupeleka maabara ni mfinyanzi zaidi ya nusu, lakini madini ya chuma yamezigandisha zile chembe ziwe punje ndogondogo ngumu, kwa hiyo maji yanapita katikati ya punje haraka mno utadhani mchanga. Ndani ya punje maji yapo ila mzizi hauyafikii. Udongo wa aina hiyo una sifa mbaya za pande zote mbili kwenye habari ya akiba ya maji, ingawa kwa kupitisha hewa ni mzuri. Kwa hiyo usiseme mfinyanzi mfinyanzi, sema mfinyanzi gani. Mweusi wa bondeni unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, huu mwekundu hata haupasuki.

#29 BwanaShambaMstaafu
Hapo Mgosi nakuunga mkono. Tena wale wanaojaza udongo kwenye chupa ya maji wanatikisa wanaacha utuame ili wajue kiasi cha mchanga na mfinyanzi, huo mwekundu unawadanganya sana. Mchanga unatuama ndani ya dakika, tope laini masaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Sasa zile punje nyekundu zinatuama pamoja na mchanga, unahesabu mchanga kumbe mfinyanzi. Weka sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, tikisa kwa muda mrefu, angalau baadhi zinaachana. Anayetaka uhakika apeleke TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo pale Ngomeni, si mbali na Mkulima, pale kazi ya udongo ndiyo yao na mkonge pia.

#30 Bint_Pangani
Na chumvi je? Sisi huku karibu na mdomo wa mto maji ya bahari yanapanda na kupwa na kujaa, kuna mashamba ukikanyaga yamelowa kabisa lakini mpunga na mihogo inaungua ncha za majani, ukifika unaona weupe juu ya udongo kiangazi. Maji yapo ila yana chumvi, mzizi unashindwa kuyavuta kwa sababu chumvi nayo inayavutia kwake. Ukimwonyesha mtu anasema huu ukame gani na udongo umelowa? Ndo kama swali la mwenye uzi.

#31 MwalimuJiografia
Dada hoja yako ni ya kweli kwa Pangani, ila Bwembwera kuna bahari gani?

#32 Bint_Pangani
Chumvi si lazima itoke baharini kaka. Bonde lisilo na pa kutokea maji linakusanya ya mlima wote, maji yanaondoka na jua chumvi inabaki. Na weupe hauonekani siku zote. Apime kwanza ndo mkatae.

#33 MwalimuJiografia
Kwa mvua za Muheza, masika inaosha. Lakini sawa, apime.

#34 Samadi_Tu
Mnazunguka wee. Jibu ni mboji na samadi, basi. Asilimia 1 tu ya mboji ikiongezeka kwenye udongo inashika lita 75,000 za ziada kwa eka. Jirani wa Mkulima nina hakika anaweka samadi.

#35 Mgosi_Soni
Hiyo namba ya lita 75,000 inazunguka sana kwenye makundi ya kilimo na haishiki. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi wa vipimo vingi sana vya udongo duniani, ukaonyesha kaboni ya udongo (ile inayotokana na mboji) ikipanda kwa asilimia 1, maji ambayo mmea unaweza kuyatumia yanaongezeka wastani wa mm 1.16 kwa kila sentimita 10 za udongo. Mm 1 kwenye eka ni lita elfu 4 hivi, kwa hiyo kwenye sentimita 20 za juu unapata lita elfu 9 na kitu. Haifiki hata nusu siku ya mahindi. Na kupandisha asilimia 1 yenyewe si mchezo, udongo wa eka moja kina cha sentimita 20 una uzito wa tani elfu moja hivi, kwa hiyo ni tani 10 za kaboni tupu zibaki ardhini zisioze, wakati samadi sehemu kubwa inaoza ikapotea.

#36 Samadi_Tu
Mgosi utafiti wako haujawahi kushika jembe. Mi nina bustani Mabokweni, kichanga cha baharini, kabla ya samadi nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni, sa hivi namwagilia asubuhi tu na mchicha unasimama. Nitaamini macho yangu.

#37 Mgosi_Soni
Macho yako yako sahihi na uchambuzi ule ule unasema kwenye kichanga faida ni kubwa kuliko kwenye mfinyanzi. Nachokataa ni ile namba. Na mfinyanzi wa Mkulima ndo ungepata faida ndogo kabisa kwa kushika maji.

#38 MamaMichungwa
Ila si kushika tu. Mboji inafanya udongo uwe na punjepunje, maji yanaingia badala ya kutiririka, mvua haigandamizi juu ikaweka gamba. Na matandazo yakikaa juu jua halipigi udongo. Hiyo haimo kwenye hesabu yako ya mm 1.16 baba. Mi michungwa ya mteremkoni nimeizungushia makumbi ya nazi na nyasi, tofauti naiona.

#39 Mgosi_Soni
Hiyo nakubali mama, haimo.

#40 Korosho_Mkinga
Nami niongeze langu, kichanga kingine kinakataa maji kabisa. Shamba langu la korosho liliwahi kuungua moto wa pori, mvua za kwanza matone yakawa yanakaa juu ya mchanga hayazami, yanatiririka pembeni, ukifukua sentimita mbili ni vumbi. Nimekuja kuelewa majani yakiungua yanaacha mafuta mafuta yanaganda kwenye chembe za mchanga. Kwa hiyo wanaosema kichanga kinapitisha maji haraka, si kila kichanga.

#41 Chuda_Boy
Uzi umekuwa chuo kikuu. Mkulima yuko wapi lakini? Tanga kunani, waja leo waondoka leo.

#42 Nachingwea_One
Mnakumbuka ule mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 mpaka 1951? Kongwa walipeleka mashine nzito wakafyeka pori, hawakupima udongo vya kutosha. Mvua ikinyesha tope, jua likiwaka ule udongo unashika mpaka jembe la chuma linaliwa, karanga zikagoma kutoka ardhini. Halafu mvua nazo zikawa chache. Mpaka leo watu wanabishana kama walishindwa na udongo, na mvua au na mashine. Naona na huu uzi unaelekea huko huko.

#43 MbeguBora
Kabla hamjamaliza udongo wote wa Tanga, mbegu zilikuwa aina moja? Kito inakomaa kama miezi mitatu, Staha inachelewa zaidi. Kama jirani alipanda ya mapema, mvua zilivyokata yake yalikuwa yameshapita mbelewele na ya Mkulima ndo yanaingia. Siku zile ndizo zinazoamua, mahindi yakikosa maji kwenye mbelewele umeisha hata udongo uwe wa peponi.

#44 Mkulima_Bwembwera
Nipo wakuu, nilikuwa shamba. Fundi nimefanya ulivyosema, jirani kaniruhusu na tukachimba wote.

Kwangu, juu pamekauka na nyufa zimeshuka mpaka kimo cha mkono wangu kufika kwenye kiwiko. Mizizi ya mabua mingi imeishia shubiri moja hivi na imelala ubavuni. Chini ya hapo udongo mweusi una unyevu, ukiufinyanga unafinyangika, na mizizi hamna kabisa, michache tu imepita kwenye nyufa. Nondo nimejaribu, juu udongo mgumu wote kwa hiyo sikuweza kutofautisha.

Kwa jirani, mchanga mpaka magotini, juu mkavu kabisa. Chini yake kuna udongo wa njano wenye madoa mekundu, mzito, una unyevu. Mizizi imefika pale na mingine imeingia. Nilipomuuliza mbegu kasema ya akiba aliyopewa na shemeji yake, jina halijui, ila anakumbuka yake yalichanua kabla ya yangu. Samadi haweki. Mabua hachomi, anayaacha shambani.

#45 FundiVisima
Nilisema nini? Mchanga juu mzito chini. Madoa mekundu ni alama ya maji kusimama pale sehemu ya mwaka. Kesi imekwisha.

#46 Kibarua_wa_Mkonge
Mizizi imelala ubavuni shubiri moja. Nilisema nini? Trekta.

#47 MamaMichungwa
Au imeoza chini wakati wa maji. Mkulima ncha za mizizi zilikuwa nyeusi au nyeupe?

#48 Mkulima_Bwembwera
Mama yameshakaa mabua makavu muda, yote ni kahawia, sikuweza kujua.

#49 MwalimuJiografia
Mi bado nasimama na mvua ndogondogo, na zile nyufa zinaniunga mkono. Nyufa za kufika kwenye kiwiko zinafanya udongo ukaukie pia kwa pembeni, hewa inaingia mpaka ndani. Ila shimo la kiangazi haliwezi kutuonyesha maji yalikwenda wapi mwezi wa kumi na moja, tunakisia.

#50 MbeguBora
"Yake yalichanua kabla ya yangu." Mmeisoma hiyo au mmeiruka?

#51 Mgosi_Soni
Tumeisoma. Ila mahindi yaliyopata shida ya maji yanachelewa kuchanua hata kama mbegu ni moja. Kwa hiyo inaweza kuwa matokeo si chanzo.

#52 BwanaShambaMstaafu
Mkulima mwanangu, wakati hawa wanabishana masika inakuja. Mfinyanzi huo mweusi kwanza upe pa kutokea maji. Tengeneza matuta mapana, upana wa hatua mbili hivi, katikati mfereji unaoelekea chini ya bonde, panda juu ya tuta. Mzizi ukipata hewa mwezi wa kwanza utashuka wenyewe. Na lima ukiwa na unyevu wa kadiri, usiingie trekta udongo ukiwa unang'aa.

#53 MamaMichungwa
Mzee matuta masika sawa, ila vuli tuta linakauka haraka kuliko sesa, yaani shamba bapa lisilo na matuta, sababu tuta pande zote zimepigwa na jua. Itamrudia ile ile. Kwa vuli atandaze mabua na apande bapa.

#54 BwanaShambaMstaafu
Mabua kalisha ng'ombe huyu.

#55 Mkulima_Bwembwera
Masika hii nitafanya nusu shamba matuta na nusu bapa, mbegu nitanunua moja na nitampa jirani mistari kadhaa apande za kwangu. Makopo ya kupimia mvua nitaweka kwangu na kwake. Data_na_Shamba kile kifaa cha rangi kinauzwa wapi na bei gani?

#56 Data_na_Shamba
Ntakuulizia mkuu. Wakati unasubiri chimba kila baada ya mvua, andika unyevu umefika kina gani, utapata picha ile ile kwa jasho.

#57 Kibarua_wa_Mkonge
Na ile nusu ya bapa gawa tena, sehemu moja lima kwa mkono, trekta lisipite. La sivyo mwakani tutabishana hivi hivi.

#58 Mkulima_Bwembwera
Kwa mkono mfinyanzi ule labda robo eka. Sawa, nitaitenga upande wa mwembe.

#59 Bint_Pangani
Na chumvi kaka, peleka udongo Mlingano wapime kabla hujapanda.

#60 Kiwangwa_Nanasi
Wakuu na mimi nina eneo kule bonde la Ruvu, mfinyanzi mweusi kama huo wa Mkulima, nilitaka nipande matikiti baada ya mpunga kwa unyevu unaobaki. Mizizi itashuka?

#61 Mgosi_Soni
Fungua uzi wako mkuu, na uje na shimo.